Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za upasuaji: kabla ya kisu na baada ya mshono

Kwa wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za upasuaji, wakuu wa vyuo vinavyofundisha madaktari wa upasuaji na mabaraza yanayowapa leseni.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, yaani mahali ambapo mgonjwa hulala usiku wa kuamkia operesheni na ambapo hurudishwa kesho yake akiwa bado hajui yuko wapi. Dai langu ni moja. Ndani ya chumba cha upasuaji mmeweka utaratibu mkali, na mmefanya vyema. Lakini yale yanayopita kati ya daktari na mgonjwa wake kabla ya kisu na baada ya mshono mmeyaacha yategemee hulka ya daktari, wingi wa kazi za siku hiyo na bahati ya mgonjwa. Mnayachukulia kuwa ni adabu, na adabu, mnasema, mtu huja nayo kutoka kwao. Mimi ninayaona kuwa sehemu ya tiba, na sehemu ya tiba haiachwi bila msimamizi.

Inafaa kukumbuka jinsi tulivyofika hapa. Tarehe 30 Septemba 1811, jijini Paris, mwandishi Mwingereza Fanny Burney aliondolewa titi na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mashuhuri wa majeshi ya Napoleon, akiwa macho, kwa kuwa dawa ya usingizi haikuwapo. Katika barua ndefu aliyomwandikia dada yake baadaye, Burney alieleza kwamba kazi ilipokwisha alimwona daktari huyo amepauka karibu sawa na yeye mwenyewe, uso una michirizi ya damu na umejaa huzuni na hofu. Miaka 35 baadaye, tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, dawa ya usingizi, naye John Collins Warren akampasua uvimbe wa shingoni mbele ya watazamaji. Habari zikaenea kwa kasi, na kabla mwaka haujaisha etha ilikuwa imeshatumika London.

Hakuna atakayetamani kurudi enzi za Burney. Hata hivyo, tangu siku ile ya Boston daktari na mgonjwa wake hawakutani tena katika saa iliyo nzito kuliko zote. Mmoja amelala, amefunikwa mashuka, ameachiwa wazi kipande kidogo tu cha ngozi. Mwingine anakikazia macho kipande hicho na kusahau, kwa makusudi na kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, kwamba kina jina na kina watoto wanaosubiri nje. Usahaulifu huo ni wa lazima, kwa sababu mshipa unapopasuka mkono unaowafikiria watoto wa mgonjwa unaweza kutetemeka. Sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa saa ya kisu imeondolewa kwenye uhusiano wao, uhusiano huo umebaki kuishi katika vipande viwili tu vya muda, cha kabla na cha baada, na hivyo ndivyo vipande visivyo na mwenyewe.

Tazameni tofauti. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Majaribio yaliyofanyika katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo inawataka wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa majina na kazi zao kabla ngozi haijakatwa. Ninakipenda kipengele hicho, ila kinanikera kidogo pia: daktari humtajia jina lake muuguzi anayempa vifaa, ilhali mtu aliyelala kati yao huenda hakuwahi kuambiwa ni nani hasa atakayempasua. Daktari Mwingereza Kate Granger, alipokuwa yeye mwenyewe amelazwa na saratani mwaka 2013, aliona jambo hilohilo: wahudumu walimjia bila kutaja majina yao. Kampeni aliyoianzisha ya kuwahimiza wahudumu wajitambulishe ilienea mbali, na ukweli kwamba ilihitajika kampeni kwa jambo dogo kiasi hicho unapaswa kuwashughulisha.

Mgonjwa anayesubiri kupasuliwa hana hali ya mteja anayelinganisha bidhaa. Anatakiwa kukabidhi mwili wake kwa mtu ambaye karibu hamjui, kisha apoteze fahamu. Ili aweze kufanya hivyo ni lazima kwanza ajiaminishe kwamba mtu huyo hana mfano. Nimewasikia wagonjwa wakimsifia kwa jamaa zao daktari waliyemwona kwa dakika chache tu, wakiapa kwamba huyo ndiye bingwa wa mabingwa, hali hawajui amefanya operesheni ngapi za aina hiyo wala wenzake wanamwonaje. Sifa hizo hazitokani na ushahidi, zinatokana na haja. Mtu hawezi kulala nusukaputi mikononi mwa mtu anayemtilia shaka, basi huifukuza ile shaka kwanza ili apate kulala.

Haja hiyohiyo humfunga mdomo. Mgonjwa huogopa kumuudhi mtu ambaye kesho atashika kisu, na huogopa kuonekana mbishi, mjinga au mwoga, kwa hiyo daktari anapouliza kama kuna swali, hutikisa kichwa na kushukuru. Daktari huusoma ukimya huo kuwa ni kuelewa. Mlango ukifungwa, maswali yote huja kwetu: Nitaamka kweli? Na nikiamka katikati ya kazi? Nani atanivua nguo? Huu mfuko wa choo utakaa tumboni mwangu milele? Mengi ya maswali hayo yana majibu mafupi. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014, kwa mfano, ulikadiria kwamba taarifa za wagonjwa kupata fahamu bila kutarajiwa wakiwa katika nusukaputi zilikuwa takriban moja kwa kila wagonjwa 19,000. Jibu hilo lingetosha kumpa mtu usingizi wa usiku mmoja, lakini likitoka kwangu halina uzito sawa na likitoka kwa wale watakaokuwamo chumbani.

Sasa tuangalie ridhaa inavyochukuliwa, kwa jinsi ninavyoiona wodini. Saa za jioni huja daktari wa mafunzo ameshika fomu. Mgonjwa ameshavaa gauni linalofungwa kwa nyuma, ameshavua pete na meno ya bandia. Mama mmoja mtu mzima aliambiwa hivi mbele yangu: "Mama, weka sahihi hapa, na hapa chini." Akajibu kwa upole, "Mwanangu, miwani yangu ameondoka nayo binti yangu." Kijana akasema, "Haina shida mama, ni utaratibu tu." Mama akaweka sahihi kwa kupapasa, mstari ukapanda juu ya maandishi. Kijana huyo hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ametumwa, alikuwa na fomu nyingine kadhaa mkononi, na operesheni aliyokuwa akiiombea ridhaa hakuwahi kuifanya hata mara moja, kwa hiyo hata angeulizwa asingekuwa na cha kujibu zaidi ya kile alichokisoma. Aliyekosea ni yule aliyepanga kwamba mazungumzo mazito kuliko yote katika maisha ya mama yule yafanywe na mtu wa chini kabisa katika safu, saa ya mwisho kabisa, na yaitwe utaratibu.

Mtanijibu kwamba sheria inatekelezwa, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mwaka 1914, katika kesi ya Mary Schloendorff jijini New York, Jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake utafanywa nini, na kwamba mpasuaji anayefanya operesheni bila ridhaa ya mgonjwa anatenda kosa la shambulio. Maneno hayo hunukuliwa hadi leo, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba mama yule, aliyekuwa amekubali kuchunguzwa tu kisha akaondolewa uvimbe akiwa usingizini, alishindwa kesi yake dhidi ya hospitali. Karne moja baadaye, mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto wake yangeweza kukwama wakati wa kujifungua, hatari iliyokuwa ya asilimia 9 hadi 10, na mtoto akazaliwa na ulemavu mkubwa. Daktari wake alieleza kwamba wanawake wengi wakiambiwa hatari hiyo wangechagua kupasuliwa. Mahakama ikasema kipimo si kile ambacho madaktari wenzake wangeona kinafaa kusemwa. Kipimo ni kile ambacho mtu mwenye busara aliye katika hali ya mgonjwa yule angekiona kuwa na uzito kwake.

Huo ni uamuzi mzuri, lakini hospitali nyingi hujibu uamuzi wa namna hiyo kwa kurefusha fomu. Orodha ya madhara inaongezeka, herufi zinapungua ukubwa, na mgonjwa anazidi kuamini kwamba karatasi ile ipo kwa ajili ya kumlinda daktari dhidi yake. Sheria inaweza kumlazimisha daktari aseme. Haiwezi kumlazimisha mgonjwa asikie. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na Roy Kessels mwaka 2003 yalieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya habari za kitabibu anazopewa mgonjwa husahaulika papo hapo, na kwamba karibu nusu ya zile anazozikumbuka huzikumbuka vibaya. Mwenye hofu husahau zaidi. Kwa hiyo mazungumzo yanayofanyika mara moja, jioni moja, kwa mtu aliyevuliwa miwani, si mazungumzo kwa maana yoyote ya kisayansi.

Na hapa ndipo ningependa mtulie nami kidogo, kwa sababu bado wapo miongoni mwenu wanaoamini kwamba maneno ni pambo na kazi hasa ni mikono. Mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ileile ya Massachusetts General, wakiwafuatilia wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Kundi moja lilitembelewa na daktari wa usingizi kwa namna ya kawaida. Kundi la pili liliambiwa zaidi: maumivu yatakuwa wapi, yatakuwa makali kiasi gani, kwa nini ni ya kawaida, na namna ya kulegeza misuli, kupumua na kugeuka kitandani, na baada ya operesheni walirudiwa na kukumbushwa. Kundi hili la pili lilihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu, na madaktari wa upasuaji, ambao hawakujua nani yuko katika kundi lipi, waliwaona wako tayari kuruhusiwa wastani wa siku 2.7 mapema zaidi. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Kilichotolewa ni ukweli kuhusu maumivu, kutoka kwa mtu ambaye mgonjwa alimwamini, na mtu huyo akarudi.

Nguvu ya imani hiyo ina upande wake wa kutia wasiwasi pia. Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake, huko Houston, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 180 wenye maumivu ya goti lililochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa vifaa vya kamera, wengine walikatwa ngozi tu na kushonwa bila kufanyiwa lolote ndani. Wote walikuwa wamekubali kushiriki wakijua kwamba huenda wakapewa upasuaji wa kuigiza. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili, waliofanyiwa kazi halisi hawakuwa na nafuu kuliko wale wengine. Sisemi kwamba upasuaji ni mazingaombwe. Utumbo uliopasuka hauzibwi kwa imani. Ninasema kwamba daktari wa upasuaji anapoingia wodini anabeba kifaa ambacho hamjakiorodhesha popote, kinachofanya kazi mwilini mwa mgonjwa, na ambacho kinaweza kutumika vizuri, vibaya au kusahaulika mfukoni.

Kifaa hicho hakihitaji saa nyingi. Mwaka 2002 Nalini Ambady na wenzake walichukua vipande vya sekunde chache vya sauti za madaktari wa upasuaji wakizungumza na wagonjwa, wakavichuja hadi maneno yasisikike ibaki sauti tu, kisha wakawaomba watu wavisikilize na kuvipima. Sauti zilizosikika kuwa za ubabe zaidi, na zisizo na dalili za kujali, zilielekea kuwa za madaktari waliokwisha kushtakiwa na wagonjwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012 kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, ulilinganisha ziara ambazo daktari alisimama na zile alizoketi kando ya kitanda baada ya upasuaji wa mgongo. Muda haukutofautiana sana, lakini wagonjwa walioketiwa walikadiria kwamba daktari alikaa nao kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ninapoomba kiti kando ya kila kitanda, naomba mnihesabu kuwa ninaomba kifaa cha tiba. Wodini kwetu viti vimo, ila hutumika kuwekea mafaili.

Nimeyasema ya kabla. Ya baada ndiyo yanayoniumiza zaidi, na ndiyo yasiyosemwa.

Operesheni ikienda vizuri uhusiano huu hujiendesha wenyewe. Daktari hupita asubuhi akitabasamu, hugusa kidonda, mgonjwa humbariki. Mtihani huja pale mambo yanapoharibika. Chukueni mgonjwa aliyeunganishwa utumbo, akaendelea vyema siku za mwanzo, kisha homa ikapanda, tumbo likawa gumu, na ule mrija wa pembeni ukaanza kutoa uchafu usiopaswa kutoka hapo. Mshono wa ndani umevuja. Ni dhara linalojulikana, humpata hata daktari hodari, na limo kwenye ile fomu ya herufi ndogo. Tangu siku hiyo nimeona ziara zikibadilika. Daktari aliyekuwa akisimama karibu na kichwa cha mgonjwa sasa husimama miguuni mwa kitanda. Hulisoma faili. Hutazama mfuko wa mrija na kuniuliza mimi, "Umetoa kiasi gani tangu jana?" Hutoa maagizo, huenda zake. Kesho yake huja msaidizi. Keshokutwa raundi huanzia upande mwingine wa wodi na kufika kitanda kile mwishoni, watu wakiwa wamechoka. Mgonjwa mmoja, baada ya siku kadhaa za hali hiyo, alinishika mkono nilipokuwa nikimbadilisha bendeji akaniuliza, "Dada, nimemkosea nini daktari?"

Msikimbilie kumlaani daktari huyo. Dawa ya kidonge ikimdhuru mgonjwa, daktari aliyeiandika anaweza kuilaumu dawa. Mpasuaji hana pa kuelekeza lawama: ulikuwa mkono wake, uzi wake, fundo lake. Mgonjwa aliyepata dhara ni ushahidi ulio hai, unaomtazama kila asubuhi. Mwaka 2000 Albert Wu aliandika kwamba kosa la kitabibu lina majeruhi wa pili, yaani mhudumu aliyehusika, ambaye hubeba aibu na hofu bila mtu wa kumuuliza habari. Katika idara nyingi anachokutana nacho mpasuaji baada ya dhara ni kikao cha kupitia vifo na madhara, ambako wenzake huchambua uamuzi wake huku wakishajua mwisho wa hadithi. Kikao hicho kina faida yake, lakini hakimfundishi mtu namna ya kurudi kitandani. Kwa hiyo anajikinga kwa umbali, ule umbali uleule uliomsaidia chumba cha upasuaji, sasa ukitumika mahali pasipo pake.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Margaret Schwarze na wenzake nchini Marekani walipowahoji wapasuaji, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba wengi wao huamini mgonjwa akikubali operesheni kubwa amekubali pia yote yatakayofuata, ikiwemo mashine ya kupumulia na siku nyingi za uangalizi maalumu. Kwa daktari hayo ni mapatano ya safari nzima. Kwa mgonjwa mara nyingi alichokubali ni kuondolewa uvimbe. Mambo yakiharibika, mmoja anahisi mwenzake anavunja ahadi kwa kukata tamaa, na mwingine anahisi ameburutwa kwenye jambo ambalo hakuliomba. Hakuna aliyedanganya, hawakuwahi tu kulizungumza, kwa kuwa hakuna aliyepanga saa ya kulizungumza. Schwarze na wenzake walikuja baadaye na njia ya kumweleza mgonjwa mzee aliye katika hatari hadithi mbili, ya mambo yakienda vizuri kabisa na ya yakienda vibaya kabisa, na ile inayoelekea zaidi kutokea kati ya hizo. Ni njia inayofundishika kwa yeyote anayeweza kufundishwa kushona.

Wanasheria wenu watawaonya kwamba daktari akirudi na kusema wazi kilichotokea, atakuwa amewapa wagonjwa silaha. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Charles Vincent na wenzake, mwaka 1994, waliwauliza wagonjwa na jamaa 227 waliokuwa wakichukua hatua za kisheria kwa nini walifanya hivyo. Fidia ilikuwamo, lakini pamoja nayo walitaka maelezo, walitaka lisimpate mwingine, na wengi walisukumwa na namna walivyotendewa baada ya tukio. Mfumo wa hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan ulianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa, kuwaomba radhi na kuwalipa pale ilipostahili, na tathmini iliyotolewa mwaka 2010 ilionyesha kwamba madai na mashtaka yalipungua.

Kwa hiyo nawaomba yafuatayo, na sitayapamba. Kwa operesheni isiyo ya dharura, daktari atakayepasua, au atakayeongoza upasuaji, azungumze na mgonjwa kabla ya siku ya kulazwa, wote wawili wakiwa wamevaa nguo zao na wameketi, jamaa akiwapo kama mgonjwa anataka; daktari wa mafunzo awepo kujifunza, si kutumwa. Mwishoni mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake atakachofanyiwa, na akishindwa ihesabiwe kuwa daktari ndiye hajaeleza. Fomu ije baada ya hapo. Kwa dharura, ambapo hakuna muda, mazungumzo hayo yafanyike baadaye badala ya kufutwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Pakitokea dhara, daktari aliyepasua ndiye awe wa kwanza kumwambia mgonjwa, na aendelee kumtembelea kila siku hadi hali itulie, hata kama tiba imehamia kwa wengine. Ili aweze, apunguziwe operesheni za kesho yake, na apewe mwenzake mzoefu, asiye mkubwa wake wa kazi, wa kuzungumza naye siku hiyohiyo. Mkidai atembelee hivyo bila kumpa msaada huo mtapata ziara za kutimiza wajibu tu, na mgonjwa huzitambua mara moja.

Kwa wakuu wa vyuo, ombi langu ni fupi: kama uwezo wa kufunga fundo hupimwa na mwalimu akiwa amesimama pembeni, uwezo wa kumweleza mtu kwamba mshono wake umevuja upimwe vivyo hivyo, na mtu asihitimu bila huo.

Najua hoja ya uhaba itakuja, na si ya uongo. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama na wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji. Mpasuaji mmoja akiwa na foleni ya watu nje, dakika 15 za mazungumzo zinaonekana kuwa ni dakika za kuwaibia waliobaki. Lakini hesabuni pia nafasi inayopotea mgonjwa anapotoroka wodini alfajiri ya siku ya operesheni kwa sababu hofu yake haikupata wa kuisikiliza, nayo timu nzima inabaki mikono mitupu mbele ya kitanda kisicho na mtu. Sisi tunaowatafuta hadi getini tunajua kwamba hilo si jambo la nadra, na kwamba mara nyingi mtu huyo hurudi baadaye ugonjwa ukiwa umezidi.

Mengi ya haya yatahitaji vikao vyenu na bajeti zenu. Moja halihitaji. Kwenye karatasi ya raundi, chini ya presha na joto, ongezeni mstari wa kuandika ni saa ngapi daktari aliyepasua amezungumza na mgonjwa na wamezungumza nini. Wauguzi tutaujaza. Mstari huo ukiachwa wazi kwa siku tatu mfululizo kwa mgonjwa aliyepata dhara, mtu kutoka ofisini kwenu ashuke wodini amtafute daktari huyo, na kabla hajamuuliza lolote kuhusu mgonjwa, amuulize yeye mwenyewe anaendeleaje.

Ninabaki wenu katika huduma,

Muuguzi wa wodi ya upasuaji